Nani Anamdai Marehemu?

Katika mazishi mengi ya pwani ya Afrika Mashariki, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Kwa Waislamu, deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Lakini mdai asiyejua kwamba anadai atajitokezaje?

Pennsylvania, Marekani, inaishi na swali hilo. Agosti 27, 1859, Edwin Drake alipata mafuta karibu na mji wa Titusville, kwenye kina cha takriban mita 21. Wachimbaji wakamiminika. Kwa karibu miaka mia moja jimbo halikudai kibali cha kuchimba. Utaratibu huo ulianza 1956. Baadhi ya visima vilivyokauka vilizibwa kwa magogo, mawe na udongo, vingine vikaachwa wazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomba ya baadhi yake yaling'olewa yakawa chuma chakavu. Kampuni zikafa, mashamba yakabadili wenyewe, nyasi zikaota.

Wamarekani huviita visima yatima. Jina hilo lina huruma kuliko ukweli: yatima amefiwa, ilhali vingi kati ya visima hivi vilitelekezwa. Vikivuja, hutoa methani hewani na huweza kuchafua maji ya ardhini. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 4.7 za kushughulikia visima vya aina hii nchini kote. Kazi ngumu ni kujua vilipo. Watafiti hurusha helikopta zenye vipima sumaku, lakini kipimo hakioni tundu lililong'olewa chuma chake. Hapo hurudi kwenye ramani kuukuu na picha za zamani.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni vilevile.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka aliyeacha shimo wazi amlipe mwenye ng'ombe au punda aliyetumbukia humo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inaagiza deni la muda liandikwe kwa uadilifu, na mashahidi wasikatae wakiitwa. Andiko moja linahusu shimo, jingine daftari. Kisima cha mafuta kinayahitaji yote mawili, kwa kuwa sheria ya shimo humtegemea mchimbaji anayejulikana, na kisima humzidi umri aliyekichimba. Akiondoka, shahidi ni maandishi: mahali, kina, mabomba, saruji ilipomwagwa.

Kampuni hujitetea kwamba taarifa hizo ni mali iliyogharimu fedha. Utetezi huo una haki yake, lakini una kikomo. North Dakota huruhusu taarifa za kisima kipya zifichwe kwa miezi 6, kisha huwekwa wazi. Siri ya biashara huisha. Hatari ya kisima kibovu hubaki na wanaoishi juu yake, na wao ndio wadai. Ndiyo maana kuandika na kufungia kabatini hakutoshi.

Leo idara ya mazingira ya Pennsylvania ina ramani ya visima ambayo yeyote anaweza kuifungua. Pia huwaomba wakazi watoe taarifa wakikuta kisima cha zamani porini au uani kwao.