Nyota Njema na Asubuhi ya Ligi

Tarehe 22 Oktoba 2020 Simba walipanda hadi Sumbawanga, mji ulio takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakafungwa 1-0 na Tanzania Prisons katika Uwanja wa Nelson Mandela. Mfungaji alikuwa Samson Mbangula. Msimu ule Prisons, au Wajelajela, walikuwa wamehamishia mechi zao za nyumbani huko, nyanda za Ufipa, kutoka Uwanja wa Sokoine, Mbeya, na mabingwa watetezi wakaonja makali ya uhamisho huo. Siku chache baadaye Simba hao hao wakalala tena 1-0, safari hii mbele ya Ruvu Shooting jijini Dar es Salaam. Azam, kwa upande wao, walikuwa wamefungua ligi kwa kushinda mechi saba mfululizo. Aliyetaka kumtania shabiki wa Simba wiki ile hakuhitaji maneno mengi: nyota njema huonekana asubuhi.

Methali hii wazee huisema zaidi juu ya watoto. Mtoto anayeamkia wakubwa bila kukumbushwa, anayemaliza kazi aliyotumwa, huambiwa nyota yake imeshaonekana. Maana yake ni kwamba wema haufichiki: tabia yenye mizizi huchipua mapema, na mwenye macho huiona kabla jua halijawa kali. Hilo ni kweli, nami silipingi. Ninachopinga ni jinsi tunavyoigeuza kichwa chini miguu juu. Methali inaanzia kwenye wema wa nyota, kisha inasema lini utaonekana. Haijasema kila king'aacho alfajiri ni chema, wala haijasema kisichoonekana alfajiri hakipo.

Nyota yenyewe inatupa somo. Ile ing'aayo kuliko zote kabla ya mapambazuko ni Zuhura, nayo hukaa upande wa mashariki miezi kadhaa tu, hupotea karibu na jua, kisha hujitokeza magharibi jioni. Oktoba 2020, aliyeamka mapema kwenda shamba Ufipa aliiona mashariki. Ligi ilipomalizika Julai 2021, ilimbidi aitafute magharibi baada ya magharibi.

Na ligi ilimalizikaje? Simba bingwa, kwa mara ya nne mfululizo, pointi 83 katika mechi 34. Yanga wa pili kwa 74, Azam wa tatu kwa 68. Simba walipoteza mechi tatu tu za ligi msimu mzima, na mbili kati ya hizo ni zile za Oktoba, Sumbawanga na Dar. Yaani karibu ubaya wao wote ulijikusanya katika wiki moja, na wiki hiyo ikaangukia mwanzoni, wakati kila mtu anatafuta ishara. Tena Februari ya msimu huo huo waliwafunga Al Ahly, waliokuwa mabingwa wa Afrika, 1-0.

Hapa ndipo ninapoona siri ya methali. Mara nyingi husemwa jioni, juu ya asubuhi. Mtu akishafanikiwa, tunarudi nyuma kuchagua dalili zilizolingana na mafanikio yake, nyingine tunaziacha zilale. Laiti Simba wangeukosa ubingwa, Sumbawanga ingetajwa hadi leo kuwa ndipo nyota yao ilipozimika. Kwa kuwa waliutwaa, imebaki kuwa kumbukumbu tamu ya watu wa huko Rukwa, na wengine wameisahau.

Kama ingekuwa porojo za vijiweni tu, nisingeandika. Lakini kuna watu hupoteza kazi kwa asubuhi. Kocha Zlatko Krmpotić alifungashiwa virago na Yanga mapema Oktoba ile, akiwa ameshinda mechi nne za ligi na kutoka sare moja. Aristica Cioaba, kocha wa zile mechi saba za Azam, hakuumaliza Novemba. Cedric Kaze aliyempokea Krmpotić alikaa kileleni bila kufungwa hadi Machi. Coastal Union wakawafunga Yanga Tanga, na siku chache baadaye naye akaondoka. Watatu hao walipimwa kwa mizani iliyobadilishwa mawe kila Jumatatu.

Mkulima wa Ufipa ana busara zaidi. Mvua zake ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Ya kwanza ikinyesha hufurahi, lakini ghala hajalihesabu. Ikichelewa hunung'unika, lakini jembe halitupi. Mvua ya kwanza humpa habari ya kufanyia kazi. Hukumu huja na mavuno.

Mpira wa kikapu nao una mifano. Golden State Warriors walianza msimu wa 2015/16 kwa ushindi 24 mfululizo, wakamaliza na 73 kati ya mechi 82, kisha wakapoteza fainali kwa Cleveland baada ya kuongoza 3-1. Kwa Mtanzania, hata hivyo, mfano mzito zaidi ni Hasheem Thabeet. Aliushika mpira huo akiwa na miaka kama 15, umri ambao wengi wangesema asubuhi imeshapita, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika orodha nzima ya NBA. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alikuwa ameteremshwa kwa muda ligi ya chini. Stephen Curry, nyota wa Warriors hao hao, mwaka ule ule aliitwa wa saba.