Sauti Ninayoisikia Ni ya Nani?

Vijana wanaokuja kwangu Kiponda kurekodi kaswida huniomba jambo moja kabla hata hawajavaa hedifoni: niwawashie Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti. Hawataki sauti inyooshwe baadaye. Wanataka pale pale wanaposoma, iwafikie masikioni imeshanyooka. Nimeanza kuwakatalia, na sababu yangu ni ya dini zaidi kuliko ya muziki.

Wengi husema kunyoosha sauti ni kughushi. Tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona ile iliyorowa hakuiweka juu, watu waione. Kosa lilikuwa kuficha. Basi anayesema wazi kwamba sauti yake imenyooshwa, mimi sioni kamdhulumu nani. Hata mwangwi tunautia katika kaswida, na kila msikilizaji anajua umetiwa.

Kinachonishughulisha ni masikio ya msomaji mwenyewe. Wengi wetu hapa Unguja ni Mashafi, na tangu chuoni tumefundishwa kwamba Fatiha katika sala lazima mtu aisome hadi ajisikie mwenyewe. Kutikisa midomo hakutoshi. Kaswida si sala, najua. Lakini sharti lile limenifunza kwamba maneno ya ibada yana msikilizaji wa karibu kabisa, naye ni yule anayeyatamka.

Juzi mpwa wangu alikuwa akisoma kwa mahadhi ya rast. Sauti ya tatu ya rast hukaa baina ya sauti mbili za kinanda. Wapiga kanuni wetu huipata kwa kuinua vichuma vidogo vilivyopangwa chini ya nyuzi. Programu ilikuwa imepangiwa zile sauti 12 za kinanda tu. Nilivaa hedifoni sikio moja, jingine nikaliacha wazi. Sikio lililo wazi lilimsikia binti yuko sawa kabisa, pale pale panapotakiwa. Kwenye hedifoni alikuwa keshavutwa juu. Haukupita muda, koo lake nalo likaanza kupanda kuifuata mashine.

"Mjomba, si ndivyo ilivyo?" aliniuliza, kwa imani kamili.

Wapo wanaosema tuipangie mashine ngazi zetu, na wana haki, kwani ziko programu zinazokubali. Hilo litaiponya rast. Halimponyi msomaji. Andy Hildebrand, aliyeitoa Auto-Tune mwaka 1997, alitokea katika kazi ya kuchambua mawimbi yanayopita ardhini ili kutafuta mafuta, na ustadi wake ni wa kustaajabisha: programu inatambua sauti iko wapi na kuihamisha kabla mwimbaji hajajua alikosea. Hapo ndipo pananipa tabu. Kukosea na kujisikia umekosea ndiyo njia ya koo kujifunza, na ndiyo njia ya nafsi kunyenyekea. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alijisikia yeye kwanza, mashine ikafuata.

Rafiki yangu anayesomesha fiqhi amenipa pingamizi zito. Aliye katika kelele, anasema, amesamehewa: inatosha asome kwa kiasi ambacho angejisikia lau pangekuwa kimya. Kwa nini hedifoni isihesabiwe kelele? Nimelifikiri sana. Kelele huifunika sauti yako, nawe unajua kuwa hukujisikia. Hedifoni hii inakuletea sauti nyingine, yenye pumzi zako na lafudhi yako, mahali pa ile uliyoitoa, nawe unaondoka ukiamini umejisikia. Kwa hivyo kwangu wanarekodi kavu kwanza. Anayetaka kunyooshewa, nitamnyooshea akishaisikiliza ile kavu mpaka mwisho.