Usawa wa Ugeni

Katika kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, huko Njoro, karibu na Nakuru, ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili kupima uwezo wake wa kustahimili kutu ya shina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Katika data inayokusanywa, kuvu anayeleta ugonjwa huo ana jina moja kwa Mkenya, Mhindi na Mmeksiko: Puccinia graminis, jina la Kilatini la mwaka 1794.

Ikiwa Kilatini kinawaunganisha watafiti hivyo, kwa nini kisiwe pia lugha ya kuamuru kompyuta? Inawezekana. Mwaka 2000, Damian Conway wa Australia alibuni njia ya kuandika programu za Perl, lugha ya kompyuta, kwa Kilatini. Miisho ya maneno ndiyo inayoonyesha kazi ya kila neno, kwa hiyo mpangilio wake ukawa huru. Mashine haina lugha ya mama. Kilichokiweka Kiingereza ndani yake ni historia, si mantiki.

Mtetezi wa Kilatini ana hoja nzito ya haki: mtoto wa Molo na wa London wangeanza pamoja, kwani hakuna anayezaliwa akikisema. Lakini huo ni usawa wa ugeni. Wote wamenyimwa sawasawa.

Jina huhitaji uthabiti, na hapo Kilatini kinatosha. Programu ni zaidi ya jina. Ni hoja yenye masharti: ikiwa hali ni hii, fanya vile. Programu inapomshauri mkulima wa Mau Narok anyunyize dawa, ana haki ya kujua sharti lililozaa ushauri huo na kulipinga. Wanabotania wenyewe walikwisha kuitambua tofauti hii: tangu 2012 majina mapya ya mimea na kuvu hubaki ya Kilatini, lakini maelezo yake yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo haitoshi lugha ya kompyuta isiwe mali ya yeyote. Lazima anayeamuliwa nayo aweze kuihoji. Nakuru tayari ina lugha inayokaribia sifa zote mbili. Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii na Mluhya hukutana sokoni kwa Kiswahili, kisichokuwa cha kabila lolote kati yao, na humo hubishana, hupatana na hukosoana kila siku. Masharti ya programu zinazoamua mambo ya mashamba yao yaandikwe kwa lugha hiyo, ili mkulima ayasome na kusema: hapa mmekosea.