Kiti cha Muda

Jaji aliyepewa kiti kwa miaka ya kuhesabika, naye ajua kuwa aliyempa aweza kukataa kumrudishia, je, aweza kuhukumu bila ya kutazama mlangoni? Swali hili lilimkabili William Henry Hastie katika Visiwa vya Virgin vya Bahari ya Karibi, ambavyo Marekani ilivinunua kwa Denmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25.

Rais Roosevelt alimpeleka huko mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 32. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya serikali kuu ya Marekani. Lakini fahari hiyo ilikuwa na upungufu wake. Majaji wa bara, kwa Katiba, hudumu maisha yao yote maadamu mwenendo wao ni mwema. Wa visiwani hudumu kwa muhula. Na wenyeji, wengi wao wazao wa watumwa walioachwa huru mwaka 1848, hawakuwa na kura ya kumchagua rais aliyewaletea jaji huyo. Hata leo hawana.

Mwaka 1939 Hastie aliondoka, akaenda kuongoza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard. Haifai kuiita safari hiyo upinzani. Upinzani ulikuja Januari 1943, alipojiuzulu ushauri wa Waziri wa Vita kwa sababu jeshi la anga lilizidi kuwatenga askari weusi. Mara nyingi cheo humkalia mtu badala ya mtu kukikalia. Kwake haikuwa hivyo.

Basi wapo wasemao kuwa uhuru wa jaji umo moyoni mwake, na miaka ya kiti si kitu. Hoja hii ni tamu, tena ni ya hatari. Huifurahisha kila serikali isiyopenda kumpa jaji dhamana, na humtaka kila jaji awe shujaa. Akitokea mwoga, alipaye ni maskini aliyesimama kizimbani, wala si yule mwoga.

Hastie alirudi visiwani mwaka 1946, akiwa gavana wa kuteuliwa. Mwaka 1949 Truman alimteua katika mahakama ya rufani ipokeayo pia rufani za visiwa hivyo. Safari hii kiti chake kilikuwa cha maisha. Cha jaji aliyeisikiliza kesi visiwani kilikuwa bado cha muhula.