Cheti cha Nyumba na Haki ya Mwenda kwa Miguu

Sifa ni malipo ya haki kwa tendo jema, lakini hugeuka dhuluma zikitolewa kwa kipimo pungufu. Siku hizi nyumba nazo husifiwa kama watu. Nyumba itumiayo umeme na maji kwa kiasi, na iliyojengwa kwa vifaa ambavyo utengenezaji wake haukula nishati nyingi, huitwa jengo la kijani na hutunukiwa cheti. Cheti kiitwacho EDGE, cha shirika la IFC lililo katika Kundi la Benki ya Dunia, hutaka jengo lipunguze matumizi ya mambo hayo matatu kwa asilimia 20 angalau. Kipimo hicho ni chema katika mji wa joto kama Dar es Salaam. Swali ni hili: je, wema wa nyumba huishia mlangoni?

Chukua mfano wa ghorofa moja ya Kinondoni. Madirisha yake yameelekezwa kwenye upepo wa bahari, maji ya mvua hukingwa katika matangi, na cheti kimetundikwa ukumbini. Chini yake kila jamaa ana nafasi ya motokaa mbili. Kila asubuhi motokaa hizo hutoka na mtu mmoja mmoja ndani yake, zikajiunga na foleni ya kwenda mjini. Jengo limeokoa umeme. Wakazi wake wamechoma petroli. Cheti hakikusema uongo, ila kilinyamaza. Na shahidi anyamazaye panapotakiwa neno lake hayuko mbali na mwongo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mjenzi asifiwaye kwa kuta peke yake hana sababu ya kuifikiri njia.

Sasa mtazame mama apangaye chumba Mbagala, katika Temeke. Huenda kwa miguu hadi kituoni, husimama katika basi lililosheheni mpaka Kariakoo, na jioni hurudi vivyo hivyo. Sehemu yake ya barabara ni ndogo, na ya moshi ni ndogo zaidi. Hapana ampaye cheti. Lakini moshi wa motokaa za wengine huuvuta yeye, tope humrukia yeye, na kuvuka barabara humtia yeye hatarini. Adhuruye kidogo ndiye adhurikaye sana. Hapo ndipo haki ilipopinduliwa.

Mtu aweza kujibu kwamba mama huyu hastahili sifa, kwa kuwa hakuchagua kutembea. Umaskini ndio uliomchagulia, na tendo la lazima si fadhila. Jawabu hilo lina ukweli. Siku atakapopata fedha huenda akanunua motokaa, wala hatakuwa na kosa kubwa kuliko waliomtangulia. Lakini jawabu hilo haliuachilii mji, huuhukumu. Mama hadai sifa, adai haki: njia ya miguu, kivuli, taa na basi lifikalo kwa wakati. Mtu hawezi kutazamiwa kudumu katika wema unaomuumiza kila siku. Mji ukitaka wema huo udumu, hauna budi kuugeuza kutoka adhabu ya ufukara kuwa hiari ya mtu huru.

Jambo hili lawezekana. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwaka 2016, yakipita katika njia yake yenyewe toka Kimara hadi Kivukoni. Karibu na njia hiyo, katika Kinondoni, nyumba za Magomeni Kota za jamaa 644 zilifunguliwa mwaka 2022. Mkazi wa hapo aweza kwenda kazini bila ya motokaa na bila ya kujiona ameonewa. Cheti cha Marekani kiitwacho LEED kimekwisha kulitambua jambo hili: hulipa jengo alama kwa kuwa karibu na usafiri wa umma na kwa kupunguza maegesho. Kila cheti kitolewacho hapa kingepaswa kuuliza hivyo.

Hata hivyo utaratibu una mwanzo na mwisho. Maegesho yakiondolewa kabla ya njia na mabasi kutengenezwa, motokaa zitapandishwa kandokando ya barabara, na mwenda kwa miguu atasukumwa katikati ya magari. Wagonjwa, wazee na vilema nao wana haja ya gari ambayo hakuna cheti kiwezacho kuikana. Basi itangulie njia, kisha lifuate zuio.

Nyumba ni jirani kama mtu alivyo jirani. Jirani mwema hatambuliwi kwa usafi wa chumba chake tu, bali na kwa hali aiachayo uani kila atokapo.