Ruzuku ya Mabasi ya Umeme: Sadaka au Deni?

Sadaka na deni ni mambo mawili yasiyochanganyika, hata pale ambapo fedha zinazotoka mfukoni ni zile zile na mkono unaozipokea ni ule ule. Sadaka hutolewa kwa hiari, na kwa sababu ni hiari, mtoaji ana uhuru wa kuchagua amtolee nani, lini na kiasi gani. Deni, kwa upande wake, ni haki ya mtu mwingine iliyobaki mikononi mwa mdaiwa, ambaye hana la kuchagua ila kulipa. Katika sheria ya Kiislamu tofauti hii humfuata mtu hadi kaburini, kwani madeni ya marehemu hutolewa katika mali aliyoacha kabla ya kutekelezwa wasia wake na kabla ya warithi kugawana chochote. Yafaa tofauti hiyo ipelekwe katika jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahasibu na wahandisi, nalo ni ruzuku ambayo serikali za mitaa hupewa ili mabasi ya dizeli yabadilishwe kwa mabasi ya umeme.

Mfano ulio wazi unapatikana Uingereza. Kwa sheria ya usafiri ya mwaka 1985, iliyoanza kutumika kikamilifu Oktoba 1986, huduma za mabasi nje ya London ziliachiwa soko huria, hivyo kwamba mabasi ya miji mingi yakawa mali ya kampuni binafsi huku halmashauri zikibaki na dhamana ya barabara, vituo na afya ya wakazi. Mwaka 2021 serikali kuu ilianzisha mpango uitwao ZEBRA, ambao kwao mamlaka za usafiri za mitaa ziliandika maombi, zikapimwa kwa vigezo, na zilizofaulu zikapewa fedha za kufidia hadi asilimia 75 ya tofauti ya bei kati ya basi la umeme na basi la dizeli la aina hiyo, pamoja na hadi asilimia 75 ya gharama za mitambo ya kuchajia. Leicester, Milton Keynes, Warrington, Kent, na eneo la Cambridgeshire na Peterborough zilikuwa miongoni mwa za kwanza kufaulu. Awamu ya pili ilitangazwa mwaka 2023, na Machi 2024 mamlaka 25 zikapata mgawo wake. Zilizokosa ziliambiwa, kwa adabu zote za kiofisi, kwamba maombi yao hayakufua dafu.

Maneno yanayostahili kuchunguzwa ni hayo ya “tofauti ya bei”. Yanachukulia kwamba bei ya basi la dizeli ndiyo bei halisi ya kusafirisha watu, na kwamba chochote kinachozidi hapo ni nyongeza ya hisani. Lakini mwanauchumi Arthur Pigou, katika kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu uchumi wa ustawi, alikwisha kuonyesha kwamba bei ya sokoni hudanganya pale ambapo sehemu ya gharama humwangukia mtu asiyekuwa muuzaji wala mnunuzi. Injini ya dizeli hutoa naitrojeni dayoksaidi, yaani gesi inayowasha njia za hewa, pamoja na chembechembe laini zinazoweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Na gharama ya madhara hayo haiandikwi katika ankara ya basi, bali hulipwa na mama anayeishi ghorofa ya kwanza juu ya kituo, kwa dawa za mwanawe na kwa usiku wa kukesha. Kwa hiyo dizeli si rahisi. Ni ya mkopo. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa nyongeza ya bei ya umeme ni mkopo huo unaoanza kuonekana kwenye daftari.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, alitenga aina mbili za haki. Ya kwanza ni haki ya ugawaji, inayohusu mgawanyo wa heshima na mali za jumuiya kwa kadiri ya stahili ya kila mmoja. Ya pili ni haki ya urekebishaji, inayohusu kurudisha usawa pale mmoja alipomdhuru mwenzake, na hii haiulizi kama aliyedhuriwa ni mtu mashuhuri au wa kawaida, bali huangalia ukubwa wa dhara peke yake. Mpango wa mashindano huendeshwa kana kwamba jambo lililopo mezani ni la aina ya kwanza. Mtetezi wa mpango anaweza kujibu kwamba urekebishaji huhitaji mdai anayejulikana kwa jina, ilhali uchafuzi wa hewa una wahanga wa kitakwimu tu. Jibu hilo lilipungua nguvu Desemba 2020, wakati mchunguzi wa vifo jijini London alipoandika uchafuzi wa hewa kuwa mojawapo ya sababu za kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka tisa aliyekuwa na pumu na aliyeishi karibu na barabara yenye msongamano, aliyefariki Februari 2013. Mabasi hayakuwa peke yake barabarani, na hakuna basi moja linaloweza kunyoshewa kidole. Hata hivyo tangu siku hiyo daftari la madeni lina angalau jina moja.

Athari ya kuchanganya haki hizi mbili huonekana katika awamu ya pili, ambapo pauni milioni 25 za kwanza kati ya milioni 129 zilizotangazwa zilitengwa kwa ajili ya maeneo ya vijijini, kwa hoja kwamba huko gharama za kubadili mabasi huwa kubwa zaidi. Kama hisani, mgawo huo una utu ndani yake. Kama ulipaji wa deni, ni wa ajabu, kwa kuwa unawatanguliza watu ambao hewa yao kwa kawaida ni safi kuliko ya wale wa mijini. Wala ufinyu wa bajeti si utetezi wa kutosha. Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walilijadili kwa kina suala la muflisi, ambaye ni mtu aliyezidiwa na madeni kuliko mali yake, na msimamo wao wa jumla ni kwamba mali iliyopo hugawanywa kwa wadai wote kulingana na kiasi ambacho kila mmoja anadai. Muflisi haruhusiwi kumlipa mdai mwenye ufasaha wa kuandika barua na kumwacha mwingine mikono mitupu. Halmashauri maskini, ambayo haina washauri wa kuiandalia maombi, mara nyingi ndiyo yenye wakazi waliojibana kandokando ya barabara kuu.

Kwamba deni hili hulipwa kwa kodi ya wote badala ya kampuni za mabasi kutozwa, hilo halina ubaya mkubwa, ijapokuwa basi linalonunuliwa linabaki mali ya kampuni. Abiria wa basi ni mtu ambaye mara nyingi hana gari, na moshi wa safari yake ni mdogo kuliko wa yule anayeendesha peke yake. Kumwongezea nauli ili kampuni ifidie tozo hiyo kungekuwa kumdai aliyedhulumiwa.

Gumu zaidi ni chombo chenyewe kinacholipia deni, yaani basi la umeme na betri yake. Zipo betri za mabasi zisizotumia kobalti, hasa zile za madini ya chuma na fosfati, na zipo zinazoitumia. Na takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sehemu kubwa katika machimbo yanayozunguka Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo hushuka mashimoni bila kinga na kuvuta vumbi ambalo hakuna halmashauri ya Uingereza inayolipima. Mtu akilipa deni kwa mali ya mwingine, hajalipa. Amebadilisha mdai tu. Halmashauri inaweza kusema kwamba sheria inaipa dhamana ya wakazi wa mipaka yake, nayo itakuwa imesema kweli kuhusu sheria, ingawa swali lilikuwa kuhusu deni, ambalo hufuata dhara popote lilipotua. Wadai wa Kolwezi hawana fomu ya kujaza wala mamlaka ya kuwajazia. Lugha, hata hivyo, wanayo: Kiswahili ndicho kinachosemwa katika mitaa na masoko ya mji huo, na hoja hii yote wangeweza kuifuata, na kuipinga, bila mkalimani.