Mnara Wangu Ulikuwa PlayStation

Jumapili tulisoma Luka 14, pale Yesu anapouliza ni nani atajenga mnara bila kuketi kwanza ahesabu gharama. Muda ukaisha kabla sijatoa ushuhuda wangu (matangazo ya wiki hii yalikuwa marefu, mnajua). Sasa niseme ukweli: mnara wangu mimi ulikuwa PlayStation 5.

Wazee mtashangaa, pasta na gemu wapi na wapi? Lakini vijana wananielewa. Nilionyeshwa Spider-Man: Miles Morales kwa binamu yangu nikabaki nimesimama. New York yenye theluji, na vioo vya maghorofa vinaakisi barabara nzima. Gemu za zamani, mwanga mwingi ulipakwa mapema kama rangi ukutani. Kivuli kimekaa tu, hakijui taa iko wapi. Siku hizi mashine inafuata miale. Inaanzia kwenye jicho la mtazamaji, inarudi nyuma mwale kwa mwale mpaka ugonge kitu, halafu inauliza: mwanga huu umetoka wapi? Hiyo hesabu ni nzito sana. Gemu hiyo ilipotoka Novemba 2020, ukitaka mwanga huo ulikubali picha 30 kwa sekunde badala ya 60. Mashine yenyewe hailipati bure.

Mimi nilitaka bure. Nina digrii ya biashara, nimefundisha wanandoa bajeti katika ukumbi huu huu, na bado nikachukua mkopo wa simu nikalipe amana dukani. Mama Imani sikumwambia. Nilihesabu mashine pekee, elfu sabini. Sikuhesabu pedi ya pili, wala gemu, ambazo mpya kule Marekani zinafika dola 70 moja. Riba ndiyo sikutaka hata kuiangalia.

Siku ya kulipa ikafika, nikachota kwenye pesa ya karo nikisema nitairudisha. Wiki hiyo hiyo Imani akarudishwa nyumbani. Alikuja na begi mgongoni, saa nne asubuhi, akaniuliza kama amekosea nini shuleni. Jioni ujumbe wa deni ukaingia, simu yangu ikiwa mkononi mwa mamake. Akasoma, akanyamaza, kisha akasema, "Baba Imani, hizi pesa zimeenda wapi?"

Nilianza kumweleza habari za vioo na theluji. Wapendwa, nilijisikia nikiongea.

Nilirudi dukani nikapewa sehemu ya amana, nikalipa karo, na deni nikalimaliza kwa miezi minne. Sisemi gemu ni dhambi. Hilo sitalihubiri, kwa sababu bado naitaka. Ila sasa fungu la kumi, kodi, karo na chakula vinatoka kwanza, halafu 3,000 inaingia kwenye bahasha iliyoandikwa "mnara". Na pedi na gemu moja, jumla ni 90,000, yaani miezi 30. Huu ni mwezi wa 11. Ingepaswa kuwa 33,000 lakini iko 26,500, maana mama mkwe alilazwa. Imani ndiye anahesabu, na bahasha inakaa kwa mamake.

Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi nitakuwa ofisini na daftari. Njoo na ujumbe zako za M-Pesa za miezi mitatu, na kama umeoa au umeolewa, mje wawili.